Fizikia kwa watu wote Tanga: tutaelimisha au tutaburudisha tu?

SWALI

Shikamoo Mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kata hapa jijini Tanga. Walimu wenzangu na mimi tunataka kuandaa siku ya fizikia pale Uwanja wa Tangamano, si kwa wanafunzi peke yao bali kwa kila mtu: wavuvi, mama lishe, bodaboda, wazee, watoto wa madrasa. Tumechangishana na tumefikisha shilingi laki tatu. Wapo wanaoshauri tumwalike mhadhiri kutoka Dar es Salaam aje na projekta. Wapo wanaotaka moshi, cheche na milipuko ili watu wajae. Hofu yangu ni moja. Mtu aliyeachana na hisabati darasa la saba, au hakuisoma kabisa, anaweza kuielewa fizikia kweli? Au tutamburudisha tu, arudi nyumbani kama alivyokuja?
Mwalimu, Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba Mwalimu, na hongera kwa wazo. Hofu yako ni ya haki, na natamani kila anayeandaa shughuli za namna hii awe nayo. Nimeona maonyesho ya sayansi ambako watu walipiga makofi, wakapiga picha, wakatawanyika. Ukimuuliza mmoja wao pale getini amejifunza nini, anakueleza rangi ya moshi.

Jibu langu ni hili: ndiyo, mtu asiye na hisabati anaweza kuielewa fizikia, tena kwa kina, kwa sharti moja. Kabla hujamwonyesha chochote, mfanye aseme mwenyewe anadhani kitatokea nini, na kwa nini. Sharti hilo ni jepesi kulitamka, ila kulitimiza mbele ya umati ni kazi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu majaribio ambayo walimu wa fizikia huwaonyesha wanafunzi darasani. Kuna wanafunzi waliotazama tu na kusikiliza maelezo. Wengine walitakiwa kwanza kubashiri matokeo, kisha wakatazama. Wengine hawakuonyeshwa kabisa. Walipoulizwa baadaye, wale waliotazama tu hawakuwa na uelewa wa maana kuwazidi wale ambao hawakuona kitu. Waliobashiri kwanza ndio waliowaacha wenzao. Na hao ni wanafunzi wa chuo kikuu, waliokaa vitini wakiwa na daftari na kalamu. Sasa fikiria mtu aliyesimama juani Tangamano na kapu la sokoni mkononi. Ukimwonyesha tu, umempotezea muda wake.

Ngoja nikupe jaribio moja kwa undani ili uone ninachosema. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi. Muombe fundi baiskeli mmoja akuazime baiskeli yenye dinamo ya zamani, ile inayosuguana na tairi la nyuma na kuwasha taa. Ipindue, isimame kwa kiti na usukani. Mtu azungushe pedeli kwa mkono, glopu iwake, kila mtu aione. Hapo wengi wa waandaaji humaliza: wanasema "mnaona, mwendo umegeuka umeme", wanapigiwa makofi, wanahamia meza nyingine. Wewe usimalize hapo. Uliza: "Nikichomoa huu waya wa taa, dinamo ikabaki palepale kwenye tairi, pedeli litakuwa jepesi zaidi, zito zaidi, au vilevile?" Kisha nyamaza. Waache wajigawe makundi matatu, wasimame sehemu tatu. Muulize mmoja wa kila kundi kwa nini amesimama pale, na usimsahihishe yeyote.

Kundi la "vilevile" huwa kubwa, na hoja yao ni nzuri: dinamo bado inasuguana na tairi, kilichoondoka ni taa tu, na taa haigusi gurudumu. Halafu mwite mzee mmoja wa kundi hilohilo azungushe kwa mkono wake mwenyewe, mwanafunzi akiunganisha waya na kuuchomoa, kuunganisha na kuchomoa. Mkono hauwezi kudanganywa. Waya ukiunganishwa pedeli linakuwa zito, ukichomolewa linalegea. Mzee atasema kwa sauti, na atasema kwa maneno yake. Ndipo ufungue mdomo na kueleza: umeme unapopita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi ndani ya dinamo, koili nayo inakuwa sumaku, na sumaku hiyo inapingana na mzunguko wa ile sumaku nyingine iliyomo ndani ya dinamo. Mkono unalazimika kushindana nayo, na kazi ya huo mkono ndiyo inayotokea kama mwanga. Waya ukikatika hakuna umeme unaopita, hakuna upinzani, unabaki msuguano peke yake.

Baada ya hapo hamisha mazungumzo hadi Hale. Mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale yenye uwezo wa megawati 21 na ile ya New Pangani Falls yenye megawati 68, yote ndani ya mkoa wenu. Jioni watu wa Tanga wanapowasha taa na feni, mitambo ya kuzalisha umeme inakuwa mizito vilevile kama pedeli lilivyokuwa zito mkononi mwa mzee, na maji mengi zaidi lazima yapitishwe ili mzunguko usipungue. Aliyelizungusha lile pedeli haoni tena umeme kama kitu kinachokaa ndani ya soketi. Hiyo ndiyo fizikia, Mwalimu, na hatujaandika fomula hata moja.

Umeuliza kuhusu mtu aliyeachana na hisabati. Sheria hiyo ya sumaku na koili iligunduliwa mwaka 1831 na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza, aliyeanza maisha akijifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Hisabati yake ilikuwa ndogo mno. Kazi ya kuyaweka mawazo yake katika milinganyo ilikuja kufanywa na James Clerk Maxwell. Na je, Faraday aliingiaje kwenye fizikia? Kwa mihadhara ya wazi, ya aina hiihii unayotaka kuandaa. Mwaka 1812 mteja mmoja wa karakana alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy pale Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London. Kijana akaandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi yake kwa ufundi wake mwenyewe, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Baadaye ni Faraday huyohuyo aliyesimamia kuanzishwa kwa mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza mwaka 1825 na inaendelea mpaka leo. Yeye mwenyewe aliitoa mara 19, na mmoja wa mfululizo wake maarufu ulihusu mshumaa mmoja tu: kwa nini unawaka, nini kinapanda, nini kinabaki. Kwa hiyo usiwaangalie watu wa Tangamano kama watu wa kupunguziwa fizikia. Wape iliyo kamili, ila ipitie mikononi mwao.

Sasa mhadhiri na projekta. Mhadhiri si mbaya, ila namna ya kumtumia ndiyo inayoharibika. Hapa kuna kisa kilichoanzia mkoani kwenu, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wa Tanga hawakijui.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ya barafu ilikuwa inagombaniwa. Mwenzake aliingiza maziwa ambayo hayajachemshwa, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado yalikuwa rojorojo. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaliweka jambo moyoni. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapo Tanga mjini, na huyo akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, ili ugande upesi. Mpemba akagundua kwamba wauza aiskrimu wengine wa Tanga nao walifanya hivyohivyo.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na darasa likamcheka. Kisha siku moja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaitembelea shule kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua maji ya ujazo ule ule, mengine yana nyuzi 35 na mengine 100, ukayaweka pamoja kwenye friza, kwa nini ya nyuzi 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Ubishi wake haujaisha: mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kupoa. Matokeo yanabadilika sana kutegemea chombo, mahali kilipowekwa ndani ya friza, mvuke unaopotea, hata mahali kipimajoto kilipotumbukizwa.

Tazama ni nani alikuwa na nini katika kisa hiki. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na jambo lenyewe. Mwanafunzi alikuwa na swali. Mhadhiri alikuwa na maabara na uungwana wa kusikiliza. Ziara ile ya Osborne inakumbukwa kwa dakika za maswali. Kwa hiyo mkimleta mhadhiri, mwambieni mapema: azungumze robo saa, bila projekta, na muda wote uliobaki ni wa kuulizwa. Na swali lisilo na jibu pale pale liandikwe kwenye bango kubwa, na namba ya simu ya aliyeuliza ihifadhiwe, ili ajibiwe. Mtu aliyeuliza swali mbele ya watu na baada ya wiki mbili akapigiwa simu na mwalimu kwa ajili ya swali lake, huyo umempata.

Moshi na milipuko achaneni nayo. Ni ghali, ni hatari, na humaliza muda ambao watu wangeutumia kushika vitu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningeomba mlifanye kuwa kiini cha siku yenu, kwa sababu Tanga mmejaliwa nalo na halihitaji zaidi ya fimbo. Chagueni tarehe 5 au 6 Oktoba (au 7 na 8 Machi, kama mtachelewa). Katika siku hizo jua hupita juu kabisa ya Tanga, na mchana fimbo iliyosimama wima haina kivuli. Mji wenu uko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua linavuka hapo mara mbili kwa mwaka, likielekea kusini na likirudi.

Saa ngapi hasa? Watu wengi watabashiri saa sita kamili. Waache wabashiri, waandikwe. Jua la Tanga mwezi Oktoba, tarehe hizo, linafika juu kabisa karibu saa 6 na dakika 12 mchana. Mwezi Machi, tarehe nilizotaja, ni karibu saa 6 na dakika 35. Na hapa wapo watu uwanjani ambao wanalijua hili bila kujua kwamba ni fizikia: waadhini na maimamu. Muombeni imamu wa msikiti wa jirani aje na kalenda yake ya nyakati za sala. Adhuhuri huingia mara tu jua linapoanza kupinduka, na ukiifuata safu ya adhuhuri katika kalenda ya Tanga utaona inatembea karibu nusu saa kati ya mwanzo wa Novemba, inapowahi kabisa, na katikati ya Februari, inapochelewa kabisa. Sababu zake ni mbili. Dunia inalizunguka jua katika njia ambayo si duara kamili, kwa hiyo mwendo wake unaongezeka na kupungua; na mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu hivi. Dakika nyingine 24 hivi zinatokana na sisi wenyewe: saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tanga iko kwenye 39. Ningefurahi sana kumwona imamu, mwalimu wa fizikia na mtoto wa madrasa wameinamia karatasi ile moja.

Fimbo iwe ya mita moja kamili, na isimamishwe kwa timazi. Muiteni fundi mwashi aisimamishe yeye, maana timazi ni yake na atakuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. Mtakutana na tatizo moja: ncha ya kivuli haikati vizuri, ina ukungu. Hiyo ni kwa sababu jua si nukta, lina upana wa karibu nusu ya digrii, na kwa fimbo ya mita moja ukungu huo unakaribia sentimita 1. Dawa yake ni kipande kidogo cha bati chenye tundu la msumari mwembamba, kifungwe kilale juu ya fimbo. Chini, ndani ya kivuli cha bati, kitatokea kiduara cha mwanga. Hicho kiduara ni picha ya jua lenyewe. Wekeni alama katikati yake kila baada ya dakika mbili. Watoto watashangaa jinsi zile alama zinavyotembea. Mzunguko wa dunia wanauona kwa macho, hausemwi tena kitabuni.

Kisha tafuteni mwalimu mwenzenu mmoja Lindi. Lindi iko kusini yenu, karibu kwenye mstari ule ule wa kaskazini na kusini, umbali wa kilomita 545 hivi kwenye ramani. Siku hiyohiyo, mkiwa nyinyi hamna kivuli, fimbo ya mita moja ya Lindi itakuwa na kivuli cha karibu sentimita 8 na nusu, kikielekea kusini. Awapigie simu mbele ya watu, sauti itoke kwenye spika, aseme kipimo chake. Kabla hajasema, umati ubashiri: Lindi kuna kivuli au hakuna? Jua si ni hilihili moja?

Hapo mwulizeni mtu yeyote: ingekuwa dunia ni bapa na jua liko mbali sana, vivuli vingetofautianaje? Visingetofautiana. Tofauti inakuja kwa sababu fimbo ya Lindi na ya Tanga, zote zikiwa wima kwa timazi, hazielekei upande mmoja. Chora pembetatu ya fimbo na kivuli cha Lindi kwenye karatasi kubwa, pima pembe kwa kipimapembe, utapata karibu nyuzi 4.9. Nyuzi hizo zinaingia kwenye duara zima la 360 mara 73 hivi. Mara 73 kwa kilomita 545 ni kilomita 39,800 hivi, na mzingo wa dunia ukipitia ncha zake mbili ni kilomita 40,000 na kidogo. Hesabu hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya, na muuza duka aliyepo uwanjani ataimaliza kabla ya wanafunzi wako. Eratosthenes alifanya hivi hapa Afrika, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kivuli cha Alexandria na jua lililosimama utosini Aswan. Msifiche makosa: mkikosea sentimita 1 kwenye kivuli cha Lindi, dunia yenu itakosea kwa zaidi ya kilomita 4,000. Semeni hivyo hadharani. Watu wanaheshimu kipimo kinachojua udhaifu wake.

Jambo la usalama nalisema mara moja na mlirudie siku nzima: asiangalie mtu jua moja kwa moja, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa simu. Mnaangalia ardhi tu.

Wavuvi nimewaacha makusudi, kwa sababu hao ningewaweka upande wa wanaofundisha. Mvuvi wa Sahare anajua kwa kuhesabu tarehe za mwezi lini bamvua linakuja na lini ni maji mafu. Anajua kwamba kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Muulizeni yeye kwanza, umati usikie, kisha mwalimu aulize swali linalofuata: mwezi unapita juu yetu mara moja tu kwa siku, mbona maji yanajaa mara mbili? Nimekutana na watu waliokulia ufukweni ambao hawajawahi kuulizwa hivyo, na swali hilo huwakamata. Mwezi unavuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na unakivuta kitovu kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Kwa hiyo bahari inanyanyuka pande zote mbili, ule unaotazama mwezi na ule uliougeuzia mgongo, na sisi tunazungushwa tukipita chini ya miinuko yote miwili. Mwezi nao unaendelea na safari yake, ndiyo maana kesho tunaukuta mbele kidogo na maji yanachelewa. Jua lina nguvu ya kujaza maji isiyofika nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu ya umbali. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili huungana, na hapo pwani yenu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3.

Nani aeleze haya yote mezani? Wanafunzi wako, si walimu. Mwanafizikia Frank Oppenheimer alipofungua makumbusho ya sayansi ya Exploratorium kule San Francisco mwaka 1969 (mwaka uleule wa makala ya Mpemba), aliwaweka vijana wa sekondari kuwa waelezaji, na utaratibu huo umedumu. Kwa Tanga kuna sababu ya ziada. Mwanafunzi wako anasoma fizikia kwa Kiingereza na anajibu mtihani kwa Kiingereza. Ukimtaka amweleze bibi yake kwa Kiswahili kwa nini pedeli limekuwa zito, na bibi akauliza "kwa hiyo?", utajua papo hapo kama alielewa au alikariri. Wafundishe kuuliza kabla ya kueleza. Jioni mbili tatu za mazoezi, wakifanyiana wao kwa wao, zina faida kuliko kifaa chochote mtakachonunua. Na wasichana wawe mezani nusu kwa nusu, tena kwenye meza za dinamo na vipimo, si kwenye meza ya kusajili majina.

Laki tatu inatosha. Baiskeli ya kuazima, fimbo, timazi ya fundi, vipande vya bati, karatasi kubwa, kalamu za rangi, futikamba, ramani nzuri ya Tanzania, turubai la kivuli, maji ya kunywa na spika moja. Fedha nyingi ziende kwenye turubai na maji, maana mtu mwenye kiu habashiri. Mgeni rasmi akija, msimpe hotuba. Mpeni nafasi ya kubashiri mbele ya watu kama wengine, na akikosea itakuwa heri kubwa kwa watoto wanaomwangalia. Meza tatu zilizoandaliwa vizuri zinashinda meza kumi na mbili. Dinamo, fimbo na bahari, yatosha.

Kujua kama mmefanikiwa, msihesabu waliohudhuria. Waulizeni watu thelathini au arobaini swali la pedeli wakiingia, na wakati wa kutoka waulizeni swali jingine ambalo hawakuonyeshwa lakini linategemea jambo lile lile: mashine ya kusaga nafaka yenye jenereta yake, taa zikiwashwa zote, mafuta yataliwa zaidi au vilevile? Sababu anayotoa ndiyo inayokuambia kama ameelewa.

Halafu kuna baada ya siku yenyewe. Jiji lenu tayari lina STEM Park, mahali watoto wanaposhika na kujaribu vitu. Nendeni mkaongee nao mapema ili aliyeguswa Tangamano awe na pa kwenda Jumamosi inayofuata. Wanafunzi wenye swali zito wasaidieni kulifanya mradi na kulipeleka Young Scientists Tanzania, ambao tangu mwaka 2011 wanawasimamia vijana wa sekondari kufanya utafiti wao wenyewe. Kupima upya jambo la Mpemba pamoja na wauza aiskrimu wa leo wa Ngamiani, kwa vipimajoto na daftari, ni mradi ninaoutamani. Na andikeni kwenye kalenda tarehe 2 Agosti 2027: jua litapatwa kabisa Misri na nchi za jirani zake, na Tanga mtaona likimegwa sehemu. Mtakumbuka umati uliofika Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likibaki pete. Kile kipande cha bati chenye tundu kitawaonyesha watu wote wa Tangamano jua lililomegwa, chini, mchangani, bila mtu kuinua macho. Kihifadhini.

Cha kufanya wiki hii ni kumtafuta huyo mwalimu wa Lindi. Mengine yote mnaweza kuyaandaa kwa mwezi mmoja, ila yeye anahitaji muda wa kufanya mazoezi ya timazi na kiduara siku kadhaa kabla, saa sita hiyohiyo. Kwake jua linafika juu kabisa karibu dakika mbili kabla ya kwenu, kwa hiyo aanze kuweka alama kuanzia saa 6 kamili na asisimame mpaka saa 6 na dakika 20, achukue kivuli kifupi kuliko vyote. Nitumie vipimo vyenu na vyake, hata vikiwa vimekosea, nami nitavipitia pamoja nanyi.